Tangi Lako Hulia Wakati Gani?

Mhadhara kwa wenye nyumba na mafundi bomba, Dar es Salaam

Nimeombwa nizungumzie kelele za matangi ya presha, na kwa macho ninayoyaona hapa mbele, wengine usiku wa kuamkia leo hamkulala vizuri.

Mwenye nyumba hupiga simu akasema, "Fundi, pampu inapiga kelele." Fundi anajibu kwa swali: "Kelele inatoka wapi?" Hapo ndipo kazi inapoanza kuharibika. Maji husafirisha sauti kwa karibu mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewa, na chuma huisafirisha kwa kasi kubwa kuliko hapo. Valvu ikigonga kisimani, mlio unasikika jikoni. Masikio yatakupeleka mahali ambapo bomba limefungwa vibaya ukutani, na ubaya wenyewe uko mita 20 kutoka hapo. Swali la maana ni lini. Inalia pampu inapowaka? Inapozima? Muda wote inapozunguka? Au inalia saa nane za usiku, watu wote wamelala na hakuna aliyegusa bomba? Mkinipa jibu la hilo, nusu ya ugonjwa naijua kabla sijavuka kivuko kwenda Kigamboni.

Tukumbushane kwanza tulivyofika hapa. Mji huu kwa sehemu kubwa unakunywa mto Ruvu, na Ruvu una miaka yake mibaya. Ukame wa 1997 uliwafanya wengi wachimbe visima, na mgao wa mwishoni mwa 2022 ukawazindua waliokuwa wamesahau. Leo ukipita Goba, Mbezi, Chanika au Kigamboni unakuta kisima, pampu ya kuzama, na simtanki juu ya mnara. Sasa, kila mita 10 za maji ni takriban bar moja ya presha. Mnara wa mita 6 unakupa bar 0.6. Ndoo itajaa, ila ghorofani na kwenye hita ya kuogea utapata mchirizi. Ndiyo maana tunaweka pampu ndogo chini ya mnara na pembeni yake tangi la chuma, mara nyingi la lita 24. Wapo pia waliounga pampu ya kisima moja kwa moja kwenye tangi kubwa la lita 100 au zaidi, bila mnara. Nitakayosema yanawahusu wote.

Ndani ya tangi hilo mna mfuko wa mpira. Maji yanaingia ndani ya mfuko, na kati ya mpira na chuma mna upepo uliojazwa kupitia valvu ileile ya tairi la gari, ile yenye kifuniko cheusi ambayo watu wengi hawajawahi kuifungua tangu tangi liingie nyumbani. Upepo huo ndio unaofanya kazi. Maji yenyewe hayabaniki: lita 24 ukizibana kwa bar moja zinapungua karibu mililita moja tu. Kwa hiyo tangi lisilo na upepo, lililojaa maji pomoni, halina akiba. Chini ya kijiko cha chai kikitoka bombani, presha inaporomoka na swichi inaiwasha pampu. Pampu nayo inarudisha kijiko hicho kufumba na kufumbua, swichi inazima. Kisha inawasha. Kisha inazima.

Robert Boyle aliandika mwaka 1662 kwamba hewa iliyofungiwa, joto lisipobadilika, ukiongeza presha yake mara mbili ujazo unashuka hadi nusu. Tuitumie sheria hiyo kwenye tangi la lita 24. Swichi nyingi za pampu hizi ndogo huja zimepangwa ziwashe kwenye bar 1.4 na zizime kwenye bar 2.8. Tuseme upepo umejazwa bar 1.2 tangi likiwa halina maji. Geji husoma sifuri ilhali hewa ya dunia tayari inatubana kwa bar moja, hivyo kwenye hesabu tunaongeza moja kila mahali: 2.2, 2.4 na 3.8. Pampu inapowaka, upepo umechukua lita 22. Inapozima, umebanwa hadi karibu lita 14. Tofauti yake, lita 8, ndiyo maji unayopata pampu ikiwa kimya. Unanawa, unasuuza vikombe, mtoto anapiga mswaki, na pampu haina habari.

Sasa upepo uvuje. Nao huvuja hata kama hakuna tundu, maana hewa hupenya kwenye mpira polepole, mwezi baada ya mwezi. Ukifika sifuri kwenye geji ya tairi, hesabu ileile inakupa lita 10 na lita 6.3. Akiba imebaki lita 3.7, chini ya nusu ya ile ya mwanzo, na mpira unavutwa kupita kiasi kila pampu inapojaza. Siku utakapopasuka utarudi kwenye kijiko cha chai.

Hiyo ndiyo kelele ya kwanza, na ndiyo inayoongoza: ta-ta-ta-ta, bomba likiwa wazi. Anayelia ni swichi ya presha, kikasha kidogo cheusi au cha kijivu juu ya pampu, kinachofunga na kufungua umeme mara nyingi ndani ya dakika moja. Taa za nyumbani zinaweza kucheza nayo. Watu husema tangi bovu linakula LUKU. Kweli linakula, ila uniti ni hasara ndogo. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi saba ya kiwango chake cha kawaida, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka joto. Watengenezaji wa mota za kuzama hutaka mota ikishawaka izunguke angalau dakika nzima ili maji yaipoze. Inayowaka na kuzima kila sekunde tatu inajichoma yenyewe kisimani, ambako hakuna anayeisikia harufu.

Kupima si kazi kubwa, lakini ina mpangilio wake, na mpangilio ukivurugwa unapata namba ya uongo. Zima umeme kwenye breka. Funga koki inayoleta maji kutoka mnarani. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana mjini kwetu, na ukiiruka, zile bar 0.6 za mnara zitaendelea kuubana mfuko. Kisha fungua bomba la chini kuliko yote mpaka maji yakome kabisa, uliache wazi. Hapo ndipo unaweka geji ya tairi kwenye valvu ya upepo. Ukipima tangi likiwa na maji yenye presha, geji itakusomea presha ya maji, kwa sababu mpira unabanwa sawasawa pande zote mbili. Nimeona vijana wakipima hivyo, wakasoma 2, wakafunga mkoba na kusema tangi zima. Tangi lilikuwa limekufa zamani.

Na kama huna geji ya tairi, tumia macho. Simama mbele ya geji ya pampu, umeme umezimwa na koki ya mnara imefungwa, halafu mtu afungue bomba kidogo tu. Mshale utashuka taratibu: 2.5, 2.2, 1.8. Usiuondolee macho. Mahali fulani utaacha kushuka taratibu, utaanguka ghafla hadi sifuri. Pale ulipoanzia kuanguka ndipo presha ya upepo wako ilipo, maana mfuko umeishiwa maji na upepo hauna tena cha kusukuma. Ukianguka kutoka 1.2, hongera. Ukiteleza hadi 0.4 ndipo uanguke, upepo ni 0.4 na unatakiwa ujazwe. Na ukianguka kutoka juu kabisa mara tu bomba linapofunguliwa, hamna upepo kabisa. Napenda kipimo hiki kwa sababu mwenye nyumba anakiona kwa macho yake na hakuna wa kumdanganya.

Upepo unajazwa kwa pampu ya baiskeli au kwa kompresa ya fundi tairi, hadi bar 0.1 au 0.2 chini ya presha ya kuwasha. Swichi ikiwasha kwenye 1.4, jaza 1.2 au 1.3. Pampu ya baiskeli itakuchosha mikono, lakini inatosha. Na angalieni matangi mapya: mengi hutoka kiwandani na bar 1.5, wakati swichi iliyokuja na pampu inawasha kwenye 1.4. Mfuko unaishiwa maji kabla swichi haijashtuka. Uko bafuni una sabuni usoni, maji yanakatika nukta moja, kisha yanarudi kwa kishindo. Mwenye nyumba analaumu pampu mpya, muuzaji analaumu umeme, na tiba ni kubonyeza ile valvu kwa msumari mpaka upepo upungue.

Msumari huohuo ndio unaotoa hukumu ya mfuko. Nilikwenda Goba kwa mama mmoja mstaafu aliyekuwa ameshaambiwa anunue pampu nyingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu. Wewe ni fundi wa tatu, nakwambia mapema."

Nilimwomba asimame karibu. Nikafungua kifuniko cheusi, nikabonyeza kijipini cha katikati kwa ncha ya msumari. Hapo panatakiwa pasikike fyuuu, upepo mkavu. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi, yakamrukia kwenye kanga.

"Haya maji si ndiyo yanatakiwa yawe ndani?"

"Ndani ya mfuko, mama. Hapa ni nje ya mfuko. Mpira umepasuka."

"Na pampu?"

"Pampu nzima."

Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nina uhakika, nami nikabonyeza tena. Tulipofungua boliti za sahani ya mbele na kuuvuta mfuko, ulikuwa na mpasuko mdogo karibu na shingo, pale unapojikunja kila siku. Ndani ya chuma mlikuwa na matope mekundu ya kutu, na sahani yenyewe imeliwa na chumvi hadi ukingo wake ukawa mwembamba. Mfuko wa akiba unauzwa Kariakoo, na unalipa sehemu ndogo tu ya bei ya pampu. Sahani tulibadilisha pia, kwa sababu kurudisha mfuko mpya kwenye sahani iliyoliwa ni kumlazimisha mteja apige simu tena.

Chumvi ya visima vya pwani nataka muihesabu katika kila jambo. Kutu ya ndani haionekani kwa nje, na tangi lililooza limebeba upepo uliobanwa. Ukiona malengelenge kwenye rangi, au unyevu usiokauka kwenye mshono, usiligonge kwa nyundo kusikiliza, na usilijaze upepo. Litoe presha kwanza. Kibandiko cha tangi huandikwa mwisho wake, aghalabu bar 8 au 10, lakini hiyo ni namba ya chuma kipya.

Kuna ta-ta-ta nyingine inayofanana na hii masikioni, na tangi halina kosa. Swichi inaungwa na bomba kwa kinjia chembamba sana. Kisima kikileta mchanga, au kutu ikilegea, kinjia kinaziba nusu, na swichi inapata habari za presha kwa kuchelewa na kwa kurukaruka. Ukishapima upepo ukaukuta mzima, fungua kinjia hicho ukisafishe kabla hujanunua chochote. Halafu fungua kifuniko cha swichi, umeme ukiwa umezimwa kabisa. Utashangaa sisimizi wanavyoupenda ule uvuguvugu. Wanabanwa kati ya nyuso za umeme, wanaungua, na swichi inaanza kunguruma na kuunguza nyuso zake. Fundi asiyefungua kifuniko anauza swichi mpya, na sisimizi wanahamia humo wiki ijayo.

Twende kwenye kelele ya pili, ambayo kwa mhandisi ndiyo tamu kuliko zote: ndu! Pigo moja zito, nyumba nzima inasikia, na watoto wanaamka. Hapa ndipo swali la lini linapolipa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ndu ya kuzima na ndu ya kuwasha ni magonjwa mawili tofauti.

Ndu ya kuzima kwanza. Pampu ndogo inayotoa lita 35 kwa dakika kwenye bomba la inchi moja inayapa maji mwendo wa mita moja na ushei kwa sekunde. Mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Lakini maji yana uzito, na yakisimamishwa ghafla hayasimami yote pamoja. Ni abiria waliosimama kwenye daladala lililofunga breki: wa mbele anagonga kioo, wa nyuma anamgonga wa mbele, na msukumo unarudi hadi mlango wa nyuma. Ndani ya bomba msukumo huo unasafiri kwa kasi ya sauti. Mrusi Nikolai Zhukovsky aliupima kwenye mabomba ya maji ya Moscow na kuchapisha kazi yake mwaka 1898, na hesabu yake ndiyo tunayoitumia hadi leo: zidisha msongamano wa maji, kasi ya msukumo, na mwendo uliokatizwa. Kwenye bomba la chuma, kukatiza mwendo wa mita moja kwa sekunde kunazaa karibu bar 13 juu ya presha iliyokuwapo. Kwenye bomba la plastiki, linalotanuka, ni kama theluthi ya hapo. Mwenye nyumba aliyebaki na mabomba ya chuma ya zamani anasikia pigo zito zaidi, na haoti.

Ni nani anayeyasimamisha maji ghafla? Ni valvu ya kuzuia maji yasirudi. Pampu ikizima, maji yanapunguza mwendo, yanasita, kisha yanaanza kurudi nyuma. Valvu yenye kibao kinachoning'inia husubiri mpaka yarudi kwa nguvu ndipo inajifunga, pwaa, na hapo ndipo ndu inazaliwa. Valvu yenye springi hujifunga maji yanaposita tu, kabla hayajageuka. Kwa hiyo tiba ya ndu ya kuzima, mara nyingi, ni kuitoa ile yenye kibao na kuweka ya springi, karibu na pampu. Angalia pia upepo wa tangi, kwa sababu tangi lisilo na upepo haliwezi kulipokea pigo. Mtu anayeweza kulala ndani ya nyumba inayopiga ndu kila robo saa anastahili pongezi, lakini viungo vya mabomba yake vinalegea taratibu.

Ndu ya kuwasha ina hila zaidi. Inawapata waliounga pampu ya kisima moja kwa moja, na mara nyingi kisima chenyewe ni kirefu. Pampu ya kuzama ina valvu yake chini kabisa. Fundi, kwa nia njema, ameongeza nyingine juu, karibu na tangi. Valvu ya chini ikianza kuvuja, maji yaliyo kwenye bomba la kisima yanataka kushuka, lakini ile ya juu imeyashikilia mfano wa kidole juu ya mrija. Hewa ya dunia inaweza kuyabeba maji hadi kimo cha takriban mita 10 tu juu ya maji ya kisima, jambo ambalo Torricelli alilieleza tangu 1644. Valvu ya juu ikiwa mbali zaidi ya hapo, maji yanashuka yanaacha utupu kati. Pampu ikiwaka, maji yanapanda ndani ya utupu huo bila upinzani wowote, yanakimbia, yanagonga yale yaliyo juu. Ndu, mwanzoni kabisa. Ukisikiliza mahali tu utabadilisha valvu ya juu, ile nzima, na ugonjwa utabaki mita 60 ardhini. Dawa yake ni kuitoa pampu na kuitibu valvu ya chini, na ile ya juu aghalabu haikuhitajika.

Ukisikia mgongano mdogo kisimani kila pampu inapowaka, bila ndu nyumbani, huo ni mrejeo wa mota inapojizungusha ghafla na bomba kugonga ukuta wa kisima. Unatulizwa kwa vishikizo vya mpira vinavyofungwa kwenye bomba kabla ya kulishusha.

Kelele za pampu ikizunguka nitazipita haraka, kwa sababu si za tangi ingawa tangi ndilo linalosingiziwa. Mngurumo wa nguuu bila kuzunguka ni kapasita iliyochoka au umeme mdogo wa jioni. Zima mara moja. Mlio wa chuma kwa chuma unaoongezeka kila siku ni beringi. Sauti ya kokoto zinazozunguka ndani ya pampu ni jambo jingine: pampu inavuta kuliko inavyopata, maji yanachemka kwa baridi ndani ya pangaboi, na mapovu yanapasuka. Pampu ya juu ya ardhi hapa pwani haitakiwi ivute kutoka chini ya mita 7 hivi. Ndugu zetu wa Nairobi, walio mita 1,700 juu ya bahari, wana hewa nyepesi zaidi: hata kwa nadharia haiwabebei maji kupita mita 8.4, na kwa kazi halisi watoe mita mbili au tatu kwenye hizo. Pampu iliyokuwa kimya Tabata inaweza kuguna Rongai bila kuharibika chochote. Na bomba likitema hewa na maji kwa zamu, basi maji ya kisima yameshuka au mrija wa kuvutia una tundu. Ni sahihi kulishuku tangi hapo pale tu ambapo msumari umekwisha kutoa maji.

Imebaki kelele ya saa nane za usiku, ambayo imewaaminisha wengine kwamba nyumba ina mambo. Pampu inawaka peke yake, inazima, inanyamaza dakika 20, inawaka tena. Hakuna mzimu, maji yanatoka mahali. Kabla ya kulala, funga koki iliyo baada ya tangi, ile inayokwenda ndani ya nyumba, uandike mshale wa geji uko wapi. Rudi baada ya nusu saa. Mshale ukiwa palepale, uvujaji uko ndani ya nyumba, na mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo lenye boya lisilofunga. Weka rangi ya chakula ndani yake uone kama inateremka kwenye bakuli bila mtu kuvuta. Mshale ukishuka koki ikiwa imefungwa, maji yanarudi kisimani au mnarani kupitia valvu isiyoshika. Pampu zenye kidhibiti cha elektroniki badala ya tangi ndizo zinazosumbua zaidi usiku, kwa kuwa hazina akiba yoyote, na bomba linalodondosha tone tone linatosha kuziamsha. Ukiwa na pampu ya namna hiyo, kuiongezea tangi dogo ni hekima.

Sasa nina ugomvi mmoja na mafundi wenzangu. Mwenye nyumba akilalamika, wengi wetu mkono unakwenda kwenye nati kubwa ya swichi, tunaikaza, presha inapanda, maji yanatoka kwa nguvu, mteja anafurahi, tunalipwa. Nati ile inapandisha presha ya kuwasha na ya kuzima pamoja. Tukiipandisha bila kugusa upepo wa tangi, akiba inapungua na pampu inawaka mara nyingi zaidi. Tukiipandisha kupita uwezo wa pampu, haitafika kamwe kwenye presha ya kuzima, itazunguka hadi asubuhi. Nati ndogo nayo inagusa tofauti kati ya mbili hizo. Ikilegezwa mno, swichi inapiga ta-ta-ta kwenye tangi zima kabisa. Ukigusa nati, gusa na upepo. La sivyo, iache.

Nina karatasi za maswali hapa. Moja imeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Fundi wangu anasema nikinunua tangi la lita 100 kelele zote zitakwisha. Ninunue?"

Dada, au kaka, inategemea unasikia nini na wakati gani. Kwa swichi ileile na upepo wa bar 1.2, tangi la lita 100 linakupa akiba ya karibu lita 34 badala ya 8. Ta-ta-ta inayotokana na akiba ndogo itapungua sana, na mota itakushukuru. Lakini kama unachosikia ni ndu ya kuzima, utaisikia mara chache na kwa uzito uleule. Kanunue kwanza valvu ya springi, ni bei ya chini sana, halafu tangi lisubiri mpaka mfuko wa la sasa upasuke. Likifika, mwambie fundi apime upepo wake mbele yako likiwa bado limekaa kwenye sakafu ya gari, maana akishaliunga itabidi alimwage lote ndipo apate namba ya kweli.